Mgeni Hulala kwa Anayemjua: Habari za Malazi ya Watu wa Kitui na Makueni Mjini Nairobi



Kamati iliniamuru niandike kurasa chache za kutiwa katika ripoti hii ya mwaka, juu ya wanachama wetu wanaosafiri kutoka nyumbani kuja Nairobi na namna wanavyopata mahali pa kulala. Mimi si mtaalamu wa historia; mimi ni karani tu. Lakini jambo hili lilinigusa mwenyewe, na yafaa mtu aungame kabla ya kufundisha.

Mwaka huu mzee mmoja wa chama, mkaazi wa upande wa Kitui, alikuja Nairobi kwa ajili ya matibabu. Alikuwa na barua ya kumwona daktari asubuhi ya siku ya pili, na fedha za gharama zilikuwa katika mfuko wa koti lake. Basi liliharibika njiani, akafika saa mbili ya usiku. Alinipigia simu kutoka steji. Nilikuwa bado ofisini nikifunga hesabu za mwezi, nikamwambia, "Mzee, tafuta chumba chochote hapo karibu ulale, nami nitakuja kesho." Maneno hayo yalikuwa mafupi, na ndiyo yaliyomponza. Kijana mmoja wa pale stejini alijitolea kumwonyesha nyumba ya wageni. Chumba kilikuwa hakina komeo kwa ndani. Mzee hakuandikishwa jina, wala hakupewa stakabadhi. Alfajiri aliamka akakuta koti halipo, simu haipo, na barua ya daktari haipo. Mtu wa zamu mlangoni alisema kwamba hakumpokea mgeni wa namna hiyo. Na kwa kuwa jina la mzee halikuandikwa popote, hakuwa na ushahidi wowote wa kumjibu.

Tulimtafuta siku mbili, hospitalini na katika vituo vya polisi. Siku ya tatu tulimpata kwa mama mmoja auzaye chai karibu na steji. Mama huyo, ambaye asili yake ni Kitui, alimsikia mzee akisema peke yake kwa Kikamba, akamwuliza utui wake na mbai yake. Hakumwuliza kama ana fedha. Alipokwisha kujua yeye ni mtu wa wapi na wa ukoo gani, alimpa chai na mkate, na jioni akamchukua kwake akalale pamoja na wanawe. Mzee ameniruhusu kuyaandika haya, ila jina lake nisilitaje. Miadi ya daktari ilimpita, naye akangoja miezi miwili mingine akiwa na maumivu.

Tangu siku ile nimekuwa nikijiuliza: yule mama alijua nini ambacho mimi, niliyesoma, sikukijua? Jibu nimelipata katika historia yetu wenyewe, nami nataka kulieleza hapa.

ZAMANI ZA THOME

Wazee wanajua kuliko mimi kwamba zamani mgeni katika Ukambani hakuingia nyumbani moja kwa moja. Alifika kwanza thome, pale nje ya boma ambapo wanaume walikaa karibu na moto. Hapo aliulizwa habari: ametoka wapi, ni mtoto wa nani, ni wa mbai gani. Ikiwa alikuwa Mwombe au Mtangwa, watu wa ukoo wake walitafutwa, naye akapelekwa kwao. Maswali yale hayakuwa udadisi tu. Yalikuwa mlango wenyewe. Mtu aliyekwisha kujibu alikuwa amepata mwenyeji, na madhara yaliyompata yalikuwa juu ya mwenyeji wake.

Kwa desturi hiyo Wakamba walisafiri mbali sana. Katika karne ya 19 misafara yao ya pembe za ndovu ilikwenda hata pwani, na baadhi yao walifanya makao karibu na Rabai, hivi kwamba msafiri aliyetoka bara aliwakuta watu wa lugha yake kabla ya kuingia Mombasa. Mkuu mmoja wa wafanyabiashara hao alikuwa Kivui wa Mwenda wa Kitui. Ndiye aliyempokea mmisionari Krapf mwaka wa 1849, na Krapf akauona Mlima Kenya akiwa katika nchi ya Kitui.

Yaliyotokea baadaye yanafunza. Mwaka wa 1851 Krapf alirudi, wakasafiri pamoja kuelekea mto Tana, na njiani wanyang'anyi wakawashambulia wakamwua Kivui. Krapf aliponusurika na kurejea Kitui, jamaa za marehemu walimlaumu, ikambidi atoroke usiku. Nyumba zilikuwa zile zile, na watu wale wale. Lakini mgeni alikuwa amempoteza mwenyeji wake, na pamoja naye ulinzi wake wote.

RELI NA MJI MPYA

Reli iliyotoka Mombasa ilifika mahali paitwapo Nairobi mnamo Mei 1899. Kabla ya hapo ilikuwa imekatiza nchi ambayo leo ni Makueni, kwa Mtito Andei, Kibwezi, Makindu na Sultan Hamud. Kwa hiyo ndugu zetu wa Makueni walipata treni mapema, bali watu wa Kitui hawakupata reli kabisa. Walikwenda kwa miguu, na baadaye kwa malori na mabasi. Tofauti hii ilidumu muda mrefu. Mtu wa Makueni alishuka katika stesheni. Mtu wa Kitui alishushwa mahali popote ambapo gari lilikoma.

Mji huo haukujengwa kwa ajili yetu. Mwaka wa 1902 tauni ilizuka katika soko la Wahindi, na serikali ikalichoma moto. Tangu hapo habari za afya zilichanganywa na habari za rangi, na mji ukagawanywa: Wazungu upande wa vilimani penye hewa nzuri, Wahindi mahali pao, na Waafrika upande wa mashariki. Hoteli kubwa zilikuwapo, kama Norfolk iliyofunguliwa mwaka wa 1904, lakini Mwafrika aliingia humo kwa mlango wa watumishi. Ubaguzi huo haukulegea mpaka miaka ya mwisho ya 1950.

Basi Mwafrika mgeni alilala wapi? Alilala katika vijiji vilivyojengwa na Waafrika wenyewe pembezoni mwa mji, kama Pangani na Maskini. Mnamo mwaka wa 1922 serikali ilianzisha Pumwani, na vile vijiji vya kale vikabomolewa kimoja kimoja, Pangani ikiwa ya mwisho mwishoni mwa miaka ya 1930. Watu wa Pangani walihamishiwa Shauri Moyo, na jina hilo peke yake latosha kueleza walivyoona.

Nyumba za Pumwani zilijengwa kwa namna ya Kiswahili, ukumbi katikati na vyumba pande zote mbili. Wenye nyumba wengi walikuwa Waislamu, na wanawake miongoni mwao walikuwa wengi. Mgeni alipanga chumba au sehemu ya chumba tu. Lakini mwenye nyumba aliishi humo humo, akiona kila aingiaye na kila atokaye, na ndiyo sababu msafiri mwenye busara alipenda kulala kwa mama mwenye nyumba anayejulikana kuliko kulala barazani kwa mtu asiyemjua.

DAFTARI LA SERIKALI

Hapa yafaa tuangalie jambo moja kwa makini. Nimesema kwamba zamani mgeni aliulizwa jina ili apewe mahali. Serikali ya kikoloni nayo iliuliza jina. Kwa sheria ya mwaka wa 1915, iliyotekelezwa baada ya Vita Kuu ya Kwanza, kila mwanamume Mwafrika mtu mzima alilazimika kuchukua kipande chenye alama za vidole na habari za kazi zake, na wengi walikivaa shingoni katika kijaluba cha bati. Usiku Mwafrika hakuruhusiwa kutembea mjini bila hati. Askari walipiga hodi katika nyumba za wafanyakazi wakitafuta wageni wasio na ruhusa, na ndugu aliyekuja kumtazama nduguye mgonjwa aliweza kulala rumande.

Kwa hiyo watu wetu walijifunza kuficha majina. Mtu alimwingiza nduguye chumbani gizani na kumtoa kabla ya mapambazuko. Nadhani tabia ile imebaki mioyoni mwetu hata leo: mzee akiombwa kitambulisho mlangoni mwa nyumba ya wageni hukasirika, na akipata nyumba isiyouliza kitu hufurahi. Lakini daftari si ubaya wala uzuri kwa lenyewe. Yategemea limeshikwa na nani, na kwa kusudi gani. Thome ilimjua mtu ili impokee. Kipande kilimjua mtu ili kimfukuze.

MWAKA WA 1938

Mfano mkubwa wa watu wetu kujilinda wenyewe mjini ni ule wa mwaka wa 1938. Serikali ilikuwa ikiwanyang'anya Wakamba ng'ombe kwa kusema kwamba mifugo imezidi na udongo unaharibika. Chama cha Ukamba Members Association kikasimama, na mnamo Julai maelfu ya watu, wanaume, wanawake na watoto, wakiongozwa na Muindi Mbingu, walikwenda Nairobi kumwona Gavana Brooke-Popham. Walipiga kambi Kariokor, mahali palipopata jina kutokana na kikosi cha wapagazi wa Vita Kuu, wakakaa wiki kadhaa bila kutawanyika.

Hawakuwa na hoteli hata moja ya kuwapokea. Walinzi wao walikuwa wao wenyewe, kwa kuwa kila mmoja alijua jirani yake ni mtu wa wapi. Gavana alilazimika kwenda Machakos kusema nao mwezi wa Agosti. Muindi Mbingu alikamatwa akapelekwa Lamu, lakini mpango wa kuuza ng'ombe kwa nguvu ulivunjika. Leo iko barabara katikati ya Nairobi yenye jina lake, inayopita kando ya soko la City Market. Kila mwanachama apitaye pale na akumbuke kwamba mwenye jina hilo alipoingia mjini hakuwa na kitanda.

LANDHIES NA VYAMA

Baadaye mitaa iliongezeka: Kaloleni, Ziwani na Starehe katika miaka ya 1940, kisha Bahati, Mbotela na Ofafa. Wafanyakazi wa reli walikuwa na nyumba zao Muthurwa na Makongeni, na watu wa Makueni waliokulia kando ya reli walikuwa na jamaa humo. Aprili 1954 serikali iliwakamata na kuwaondoa Nairobi maelfu ya Wakikuyu, Waembu na Wameru, na Wakamba wengi wakaajiriwa mahali pao. Ni neno lisilopendeza kukumbuka, kwamba nafasi yetu mjini ilipanuka kwa msiba wa majirani zetu. Lakini historia haiandikwi ili ipendeze.

Katika miaka hiyo vyama vya makabila vilifanya kazi ya thome. Mgeni aliyefika aliuliza chama, na chama kilijua ni nani wa kwao anayekaa Kaloleni au Muthurwa. Vyama vilisafirisha maiti, vilirudisha nyumbani waliopotea, na vilisuluhisha ugomvi. Baada ya Uhuru kilikuwapo New Akamba Union, mpaka vyama vikubwa vya makabila vilipoamriwa kuvunjwa mwaka wa 1980. Tangu hapo vimebaki vyama vidogo vya kusaidiana kama hiki chetu.

Wakati huo huo mji ulikuwa ukifura. Mwaka wa 1948 Nairobi ilikuwa na watu 118,976. Mwaka wa 1969 watu 509,286. Na hesabu ya mwaka wa 2019 ilipata watu 4,397,073. Ndugu wa mjini hukaa chumba kimoja pamoja na mke na watoto, tena mbali na katikati ya mji. Si kila mgeni awezaye kulala kwake, na si vema tumhukumu kwa hilo. Ndipo nyumba za wageni za River Road, Nyamakima na Accra Road zilipopata wateja wao, kwa kuwa ziko karibu na mabasi na bei zake ni nafuu.

MAMBO YA KUANGALIA

Kutokana na habari hizi nimetoa mashauri machache, wala si yangu peke yangu, kwa maana niliwauliza wanachama wasafirio mara kwa mara.

Kwanza, saa ya kufika ni nusu ya usalama. Atokaye Kitui kwa njia ya Kanyonyoo na Thika, au kwa njia ya Machakos, aondoke asubuhi, ili hata gari likiharibika afike jua lingalipo. Aliye Makueni aweza kupanda treni mpya iliyoanza mwaka wa 2017 huko Mtito Andei, Kibwezi au Emali. Lakini ajue kwamba treni hiyo haifiki katikati ya mji. Inakoma Syokimau, mahali penye jina la yule nabii wetu ambaye wazee husimulia kwamba alitabiri nyoka mrefu atokaye baharini. Kutoka hapo kuna safari nyingine ya kuingia mjini, nayo yataka mchana.

Pili, mtaa uchaguliwe kwa kufuata shughuli, usichaguliwe kwa kufuata steji. Aendaye Hospitali ya Kenyatta hana sababu ya kulala River Road na kuvuka mji alfajiri na fedha mfukoni. Upande wa Upper Hill na Ngong Road ziko nyumba za wageni za makanisa, kama ile ya Kanisa la Anglikana katika Bishops Road, na Flora Hostel ya masista wa Consolata. Vyama vya YMCA na YWCA navyo vina malazi mjini. Bei huzidi zile za River Road, lakini mtu atie hesabuni nauli ya teksi na hatari ya njiani. Kwa yule ambaye anataka kupanda basi la alfajiri tu, karibu na steji panafaa, ila aingie mapema na asitoke tena usiku.

Tatu, mtaa wenyewe usomwe. Saa moja ya jioni tazama kama wanawake na watoto wanapita bila hofu, kama maduka yangali wazi, na kama taa za barabarani zinawaka. Kuuliza si ujinga, lakini mwulize mwenye duka au mama wa chai, ambaye kesho atakuwa pale pale; usimwulize mpiga debe, ambaye hulipwa kwa kila kichwa akipelekacho. Tena ukumbuke kwamba hapa kwetu ukiomba "hoteli" huenda ukaonyeshwa mahali pa chai na mandazi. Sema wazi kwamba wataka gesti ya kulala.

Nne, nyumba iangaliwe kabla ya kulipa. Omba kuona chumba. Funga mlango kwa ndani, jaribu komeo, tazama dirisha, na uone kama iko njia ya pili ya kutokea ikiwa moto utazuka. Kisha angalia daftari. Nyumba inayoomba kitambulisho, ikaandika jina na namba ya chumba, na kutoa stakabadhi, ndiyo nyumba inayokubali kwamba ulilala humo. Isiyouliza kitu imekwisha kujiandalia jibu la asubuhi. Mzee wetu alilisikia jibu hilo.

Tano, na hili ndilo kubwa kuliko yote: pawe na mtu anayejua. Kabla ya kulala, mpigie simu mtu mmoja nyumbani na mmoja mjini, uwatajie jina la nyumba, barabara, na namba ya chumba. Fedha nyingi zibaki katika simu au benki, na namba za simu za jamaa ziandikwe katika karatasi iliyo mahali pengine, maana simu ikiibiwa namba zote huondoka nayo.

OMBI KWA MKUTANO MKUU

Wazee na ndugu, makomeo na taa ni vitu vyema, lakini havikumlinda Krapf wala havikuwalinda watu wa Kariokor. Aliyemlinda mgeni siku zote ni mtu aliyejua jina lake, akahesabu kuwa ni wajibu wake. Mimi nilimjua yule mzee tangu utoto wangu, walakini usiku ule sikumwuliza hata yuko upande gani wa steji. Mama wa chai hakumjua kabisa, akamwuliza yote.

Basi naomba Mkutano Mkuu ukubali chama kianzishe daftari la wasafiri. Mwanachama ajaye Nairobi aandikishe kwa katibu wa tawi lake siku ya kuja, shughuli yake, na mahali atakapolala. Na wanachama wa mjini wagawane zamu, mmoja kwa kila juma, wa kumpokea mgeni stejini na kumfikisha mpaka mlango wa chumba. Nyumba za wageni zilizokaguliwa na wanachama wetu ziandikwe humo, na zile zilizoharibika zifutwe. Kazi hiyo haihitaji fedha nyingi. Yahitaji kalamu, simu, na mtu wa kupokea simu hiyo hata kama anafunga hesabu za mwezi.

Zamu ya juma la kwanza, nikikubaliwa, naomba iwe yangu.

Ni mimi mtumishi wenu,
Karani wa Chama